Skrini Niliyoizima

Mama mmoja alifika kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, mtaani Kamwokya, asubuhi ya mvua, kompyuta yake ameiviringisha kwenye kitenge. Alikuwa Mkongo, zamani karani wa shule huko kwao. Sasa aliishi mtaa wa Kawempe, akiwaandikia wakimbizi wenzake barua za kupeleka maofisini.

"Iko muzima, mwanangu," aliniambia. "Ni herufi tu iko kidogo sana. Macho yangu imechoka."

Ilikuwa mashine kuukuu yenye mfumo wa Linux tupu, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, basi. Alichotaka ni maandishi makubwa zaidi. Sikuwahi kuifanya kazi hiyo, ila bango langu lilisema natengeneza kila kitu, na wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinitazama. Nikaona aibu kusema sijui. Nikabadilisha vipimo vya skrini kwa kubahatisha, nikaweka na draiva, programu ya kuendesha kadi ya picha, ambayo haikuwa ya mashine ile. Nilipoiwasha upya, skrini ikabaki giza.

Nilibonyezabonyeza vitufe karibu nusu saa, nikijifanya napima kitu. Mwisho nikasema, "Mama, kadi ya picha imekufa. Ilikuwa mbovu tangu zamani."

Akaifunga tena kompyuta kwenye kitenge. "Unisamehe, mwanangu. Nimekupotezea muda."

Mimi ndiye niliyeombwa msamaha! Nikaitikia, "Hamna shida, Mama," na kumtazama akiondoka kwenye matope na mzigo wake.

Kuanzia hapo, kila nilipokosa mteja nilisoma habari za draiva na skrini, hadi nikaelewa nilichoharibu. Hata hivyo nilikawia wiki tatu nzima kabla ya kumpigia simu kwa namba iliyokuwa kwenye daftari langu la wateja. Sikuwa na kazi nyingi. Niliogopa tu.

Alinielekeza kwake, nikamkuta chumbani akiandika barua kwa mkono, pua inakaribia kugusa karatasi.

"Mama, kadi haikufa," nikasema nikiwa bado mlangoni. "Niliiharibu mimi, halafu nikakudanganya."

Alinyoosha kidole chini ya kitanda, nikaivuta kompyuta. Kwenye menyu ya kuwashia, inayotokea kabla draiva haijaanza kazi, niliongeza neno moja la kuizuia ile draiva isipakiwe, skrini ikawaka. Nikaiondoa draiva, nikarudisha vipimo vya mwanzo, nikachagua fonti kubwa kuliko zote. Herufi zikatokea nene, za kusomeka hata kutoka kitandani.

Aliitazama saa ya ukutani.

"Dakika kumi na mbili," alisema. "Na mimi wiki tatu naandika kwa mukono."

Akanisogezea karatasi na kalamu. "Andika vile umefanya, yote. Sitaki tena kuuliza mutu."

Nikaandika hatua zote, kama mtu anayefanya mtihani. Alisoma mstari kwa mstari, akaniuliza neno moja lililomtatiza, akaikunja karatasi. Kisha akanielekeza njia fupi ya kufika barabarani, akarudi kwenye kibodi na kuanza kuchapa kabla sijavaa viatu.