Credits 18 za mtu mwingine: nilivyotaka kuhamia chuo kikuu na credits zilizozidi

Wakuu, salamu zenu. Wewe hasa uliyeshika barua ya chuo ukiogopa kuifungua, vuta kiti unisikilize. Nitaeleza polepole na sitaongeza chumvi. Hata sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humo humo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza diploma ya ualimu katika college moja ya kanisa, si mbali na mji wa Homa Bay. Mimi ni Mkuria, kwetu ni upande wa Migori, karibu na mpaka. Kwenye rejista jina langu lilikuwa Mwita Chacha. Lishikeni hilo jina, mtalihitaji mbele.

Kwanza nieleze credit ni nini, maana wengi hapa mmesoma kwa mfumo tofauti. Kozi unayofundishwa saa tatu kwa wiki, muhula mzima, inakupa credits tatu. Ukifaulu zinaandikwa kwenye transcript, ile karatasi ya matokeo yako yote. Ukihamia chuo kikuu unaenda nazo, ili usirudie ulichokwisha kusoma.

Mimi nilikuwa na 62. Nilijua kwa sababu kila muhula nilikuwa naziandika nyuma ya daftari langu la kwaya.

Basi transcript ikatoka. Jumla: 80.

Nilihesabu mara tatu, kwa kidole. Chini kabisa, muhula wa mwisho, kulikuwa na kozi sita ambazo sijawahi kuzikalia darasani hata siku moja. Ufugaji wa Kuku. Udongo na Mbolea. Magonjwa ya Mifugo. Na nyingine za namna hiyo. Mimi nilisomea kufundisha Historia na Kiswahili, wakuu. Kuku nilimjua akiwa kwenye sahani.

Lakini nilijua ni kozi za nani.

Katika bweni letu kulikuwa na jamaa wa Ntimaru, huko huko kwetu Kuria, aliyesomea ualimu wa kilimo. Aliitwa Chacha Mwita. Kwetu majina haya mawili yanarudi katika kila boma, kwa hiyo Mwita Chacha na Chacha Mwita kulala chumba kimoja hakukumshangaza yeyote. Huyu bwana alikuwa anakuja kula na manyoya kwenye sweta.

Nilinyamaza.

Nilijiambia aliyekosea ni karani, si mimi. Tena nilikuwa nimeshaanza kufundisha, na mwalimu mkuu wangu alikuwa amenipa ruhusa ya masomo ya miaka miwili tu. Nikaona kwa credits 80 nitaingizwa moja kwa moja mwaka wa tatu, nitamaliza kabla ruhusa haijaisha. Nikajaza fomu ya chuo kikuu, nikaandika 80 kwa mkono wangu, nikaweka sahihi.

Hapo ndipo kosa lilipoacha kuwa la karani.

Miezi mitano baadaye barua ikaja. Ilikuwa fupi: credits zako zimezidi kiwango kinachokubaliwa, fika ofisi ya registrar ukiwa na vyeti vyako halisi.

Wakuu, sijui niwaelezeje ile hofu. Siku zile zilikuwa na hadithi nyingi za watu walioshikwa na vyeti bandia. Nilisoma neno "zimezidi" nikaona pingu. Mke wangu aliweka omena, wale dagaa wa ziwani, mezani, nikawa nawatazama tu. Akaniuliza, "Baba Boke, mbona umekuwa hivi?" Nikasema ni malaria. Akanichemshia maji ya dawa, nikayanywa. Siku tatu nilikunywa dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Siku ya ofisi nilikuta mama mmoja wa makamo, miwani puani, rula na penseli nyekundu mkononi. Ndiye registrar, msajili wa chuo. Akaweka rula chini ya kila mstari wa transcript, akishuka taratibu. Kila rula iliposhuka, na mimi nilishuka nayo.

Akafika kwenye kuku.

"Wewe ni wa Historia. Hii Ufugaji wa Kuku ulifanya ya nini?"

"Kujiongezea maarifa, madam."

"Vizuri. Mlifuga aina gani?"

"Wa kienyeji... na wa kizungu."

Alinitazama juu ya miwani, kisha akacheka. "Wa kizungu! Haya. Mwalimu, shida yako ni ndogo. Sisi hatuchukui zaidi ya 64 kutoka college nyingine. Tunataka nusu ya masomo uyafanye hapa, la sivyo digrii itakuwa yetu kwa jina tu. Wewe una 80. Kaa kwenye ile benchi, chagua za kuacha, zikate kwa penseli, uniletee niweke sahihi."

Mnaona mlango uliofunguka hapo? 80 toa zile 18 zinabaki 62. Zangu halali. Nikikata kozi sita za chini, uongo wangu wote unafutika, na anayeufuta ni chuo chenyewe. Hakuna ambaye angejua hadi leo.

Nilikata haraka sana. Mistari sita.

Halafu, nikiwa bado kwenye benchi, nikapatwa na hofu ya pili. Hii ilikuwa mbaya kuliko ya pingu.

Kama kozi za Chacha ziko kwangu, basi kwake haziko.

Diploma ilihitaji 60. Kama na yeye alikuwa na 62 kama mimi, amebaki na 44. Nikakumbuka kwamba mtu wa kwetu alinisalimia sokoni akasema, "Yule mwenzako wa Ntimaru inasemekana alianguka mtihani." Nami nilijibu, "Pole yake," nikaendelea kuchagua nyanya. Nilijua, wakuu. Kichwa kilijua, mdomo ukauliza bei ya nyanya. Na nikiziacha hizi hapa, zimekatwa kwa penseli nyekundu kwenye faili ya mtu mwingine, nani atakuja kuzitafuta?

Nikarudi mezani. Nikaweka transcript mbele yake. Registrar akaangalia, akafungua kalamu.

"Umechagua vizuri. Umeacha zote za shamba."

"Madam, sijaziacha. Si zangu."

Kalamu ikabaki hewani. "Ni za nani?"

Nikamweleza.

"Na ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hii sahihi kwenye fomu?"

"Ni yangu."

Alifunga kalamu. Akaisoma tena ile fomu yangu. Kisha akasema, "Ningeweza kukufukuza sasa hivi. Nakupa wiki mbili. Lete barua ya college yenu iliyosahihisha transcript zote mbili, yako na yake. Na huyo mwenzako aweke sahihi kwamba amepata zake. Bila sahihi yake, usirudi."

Kumbe nilikuwa sijaogopa bado. Kwenda Ntimaru kumtazama Chacha usoni ndiyo ilikuwa hofu yenyewe.

Nilimkuta akipukuchua mahindi na mama yake uwanjani. Alikuwa amekonda. Nilisimama mbali kidogo, nikasema yote nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaribishwa kiti nitakosa nguvu. Chacha hakuacha kupukuchua. Mahindi yalikuwa yanadondoka tu, twa, twa, twa.

Nilipomaliza, akamgeukia mama yake. "Mama, unamwona huyu? Huyu ndiye mwizi wa kuku."

Mama akashtuka. "Kuku gani? Aliiba lini?"

"Kuku wangu wa mtihani!" Akatupa gunzi chini, akaniita "kijana" kwa Kikuria. "Mura, mimi nimelala kwenye kibanda cha kuku miezi mitatu nikipima mayai! Nikaambiwa sikufanya mtihani. Baba aliacha kuniita mwalimu. Ananiita 'wewe'. Miezi mitano ni 'wewe, funga ng'ombe', 'wewe, leta maji'. Na transcript ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Aliinuka. Nilifunga macho, nikangoja. Hakunipiga. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati la kola na viatu vya college.

"Twende sasa hivi, kabla sijabadili mawazo nikupige."

Kwenye gari hadi Homa Bay alikaa kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma.

Kule college karani, mzee mmoja Mjaluo mpole sana, alitoa kadi mbili kwenye kabati. Kumbe muhula ule wa mwisho alianza kadi mpya, akawa anaandika jina la ukoo kwanza. Kwa hiyo kadi yangu mimi, Mwita Chacha, ilisomeka "Chacha Mwita". Matokeo ya Historia na Kiswahili yaliletwa na namba za usajili, lakini ya kilimo yalipoletwa na jina tu, Chacha Mwita, akavuta kadi inayosomeka hivyo. Yangu.

Mzee akashika kichwa, akatuita ndugu kwa Kijaluo. "Omera! Lakini nyinyi watu wa Kuria, mbona mnageuza geuza majina?"

Chacha akamjibu, "Mzee, sisi tuliyapanga sawa. Wewe ndiye uliyeanzia mkiani."

Ndipo nikaona meno yake kwa mara ya kwanza siku ile.

Karani alihamisha kozi sita, moja moja, akapiga mhuri. Chacha aliishika transcript yake kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini. Alipofika kwenye kuku alirudia mara mbili. Kisha akaweka sahihi yake, ile niliyoihitaji, bila kuniangalia.

Chuo kikuu kilinipokea na 62. Kwa ule uongo wa fomu nilipewa onyo kwenye faili na nikaanza muhula mmoja nyuma ya wenzangu. Ruhusa yangu iliisha kabla sijamaliza, ikabidi nimpigie magoti mwalimu mkuu aniongezee. Nilistahili. Kila siku ya matokeo niliogopa kufungua bahasha.

Chacha alipata diploma yake, akafundisha kilimo. Baba yake alirudi kumwita mwalimu. Tukikutana hospitalini au msibani hunitambulisha kwa watu hivi: "Huyu ni mwizi wa kuku, lakini alirudisha."

Nilichojifunza ni kwamba credits kuzidi si kosa, na hakuna chuo kitakachokufunga kwa hilo. Watachukua wanazotaka, nyingine wataziacha. Ila zikizidi bila wewe kujua zimetoka wapi, kuna mtu mahali fulani zimempungukia, na huenda anaitwa "wewe" nyumbani kwao.

Kama yamewahi kukupata, andika hapa chini, hata kama ulikuwa upande wa Chacha. Usiogope, hatuchekani.

Na kabla hujajaza fomu yoyote ya kuhama, toa transcript yako leo, shika penseli, isome mstari kwa mstari. Kozi ambayo humkumbuki mwalimu wake, izungushie duara, na kesho asubuhi uipeleke kwa karani wewe mwenyewe.