Kompyuta Iliyotaka Kuambiwa Sikioni

Mama alipostaafu ualimu alikuja kukaa kwangu Mbagala, na tangu afike hakupumzika. Alisahihisha. Tangazo la kanisa alilipigia kalamu nyekundu kabla hajalikunja kuliweka kwenye pochi. Mwenye genge alisimamishwa aeleze ni kwa hesabu gani mafungu mawili ya nyanya kwenye meza moja yana ukubwa tofauti na bei ileile. Watoto wa mtaa walizoea kupita upande wa pili wa barabara, maana ukipita upande wetu unaulizwa saba mara nane na huondoki mpaka ujibu.

Nilikuwa nacheka, lakini macho nilikuwa nayo. Mama alikuwa anakauka. Asubuhi anaamka mapema, anaoga, anavaa kama mtu anayetoka, halafu anakaa kwenye kochi na mkoba mapajani mpaka akumbuke kwamba hana pa kwenda. Kitu hicho kiliniuma kuliko kama angekuwa analalamika.

Kwa hiyo nilipogundua kwamba kuna watu huko duniani wanajifunza Kiswahili kwa mtandao, na kuna tovuti inayowatafutia walimu, nilimwandikisha hata bila kumuuliza. Jibu likaja: wamempa somo moja la majaribio, Jumamosi saa nne asubuhi, na mwanafunzi wa kweli. Somo likienda vizuri, darasa ni lake. Likikatikakatika, mwanafunzi anapewa mwalimu mwingine na habari imeishia hapo. Tena ni lazima iwe kompyuta, kwa sababu ubao wao wa kuandikia haufunguki kwenye simu.

Mama alisoma ujumbe ule mara mbili, akavua miwani.

"Mwanafunzi ni mmoja tu?"

"Mmoja, mama."

"Basi huyo atajua Kiswahili, atake asitake."

Alikwenda jikoni akiimba. Niliachwa sebuleni moyo unanidunda kama mie ndiye niliyepata kazi.

Kwetu somo lile likawa ugeni, na ugeni kwa mama una taratibu zake. Mapazia yalivuliwa yakafuliwa. Vitambaa vya makochi vilipigwa wanga mpaka vikasimama vyenyewe. Ukuta wa nyuma ya meza, ambao ndio mwanafunzi angeuona, ulipanguswa hadi rangi ikaanza kutoka. Nilimwambia huyo mtu ataona kipande kidogo tu cha ukuta. Akanijibu kwamba mgeni haingii nyumba chafu hata akiingilia kwenye kioo.

Jioni moja mwanzoni mwa wiki tukafanya mazoezi. Nyumba yetu, kama nyingi za mtaa ule, katikati yake mtandao wa simu unafika kwa kubahatisha, saa unakuja, saa unapotea. Simu tunaiweka dirishani, inaegemea nondo, na kutoka pale inarusha intaneti kwenye kompyuta iliyoko mezani. Tumeishi hivyo muda mrefu bila shida yoyote. Mwenzangu wa kazini alikubali kujifanya mwanafunzi. Mama akaketi, akakohoa kidogo, akasema, "Karibu dara—", na kwa yule mwenzangu picha ikaganda mama akiwa ameachama. Ikarudi, ikakata, ikarudi tena, na safari hii ikakata moja kwa moja. Pale chini ya kioo alama ya waifai ikawa inawaka na kuzimika, hata mama hajamaliza kutamka neno darasa.

Mie nina kichwa kigumu, na kitu kikinigomea nakichukulia kama mtu aliyenitukania ukoo. Nikaanza vita. Yule mwenzangu akawa ananitumia ujumbe wa sauti kama daktari: "Sista, zima kompyuta, washa." Nikazima, nikawasha. "Ifanye isahau huo mtandao, halafu uunganishe upya." Ikasahau, ikakumbuka, ikakata. "Basi futa draiva ya waifai, ukiwasha itajiweka yenyewe." Draiva ni ile programu inayoiambia kompyuta jinsi ya kutumia kifaa chake. Niliifuta nikihisi nimeng'oa ini la mtu na sina hakika kama litaota. Likaota. Mtandao ukakata vilevile.

Kupitisha intaneti kwa waya hakukuwezekana, kwa kuwa mdomo wa chaji wa simu yangu umelegea na hata kuchaji ni kwa kubembeleza. Kompyuta ya ofisini hairuhusiwi kutoka getini. Tulibaki na hiihii yetu.

Kesho yake nikapata kitu. Ndani kabisa ya mipangilio kuna mahali kompyuta inapewa ruhusa ya kuzima kifaa cha waifai ili iokoe umeme. Nikasema kumbe! Kumbe mchawi ndiye huyu! Nikatoa tiki, nikakaa naitazama. Ikakaa hewani. Nikafungua video, ikacheza mwanzo mpaka mwisho. Nilipiga vigelegele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, na bila kujua tunachosherehekea akaanza kucheza na mie katikati ya sebule. Kisha nikachukua simu, ambayo nilikuwa nimeiweka pembeni mwa kibodi ili nisome maelekezo, nikairudisha dirishani. Kabla sijafika kwenye kiti, mtandao ulikuwa umekata.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu pale pale. Sikuliona kwa hasira.

La kuvunda halina ubani, watu husema, na kufikia Alhamisi nilianza kuamini. Tulijaribu kusogeza meza hadi dirishani. Huko nje waosha magari wana spika inayopiga singeli tangu asubuhi, na mama alitangaza kwamba mwalimu hafundishi dirishani kama muuza karanga. Hata hivyo hapo napo ilikuwa ikikatika mama akigeuka tu akaikinga simu kwa bega. Jioni ile nilimkuta anarudisha kabatini kitenge alichokuwa amekipiga pasi kwa ajili ya Jumamosi.

"Isikuumize, mwanangu," akasema. "Walimu wako wengi. Watampata mwingine."

Nilitamani angenigombeza. Niliingia chooni, nikafungulia bomba, nikalia kwa hasira.

Ijumaa nilipotoka kazini nikabeba kompyuta hadi kwa jirani yetu mwenye duka, mzee mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake imeuza mchele na sukari mtaani pale tangu kabla ya nyumba zetu kujengwa. Yeye ana intaneti ya dukani, ya kisanduku kilichokaa kaunta karibu na mizani. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama mtandao wa simu yangu ndio mbovu, wa kwake ungefanya kazi. Nikamsalimu, nikaketi kwenye benchi pale barazani, nikafungua. Kompyuta haikuuona mtandao wake kabisa, ilhali wajukuu zake walikuwa wamekaa benchi hilohilo wanaangalia mpira kwenye simu kwa mtandao huohuo.

"Lete hapa," akasema. Nikaiweka juu ya kaunta, kisanduku kikiwa karibu kuigusa. Alama ikajaa papo hapo. Nikairudisha barazani, ikafa. Nikaileta kaunta, ikajaa.

Mzee akacheka mpaka tasbihi ikamdondoka. "Hiyo haisikii hiyo! Yataka kuambiwa sikioni."

Alisema utani, lakini mie damu ilinisimama. Simu pembeni mwa kibodi: inasikia. Simu dirishani: haisikii. Kisanduku puani: inasikia. Siku zote hizi nilikuwa naitibu akili kompyuta isiyo na ugonjwa wa akili! Nilikuwa nimesoma katika pitapita zangu kwamba masikio ya waifai yako kwenye kifuniko, kuzunguka kioo, na kutoka huko zinashuka nyaya mbili nyembamba hadi kwenye kifaa chenyewe kule chini ya kibodi. Nyaya zikichomoka, kifaa kinabaki kizima ila hakina masikio, na kinasikia kile tu kilichobandikwa karibu yake. Sikumbuki kama niliaga. Nilikimbia nyumbani na kompyuta kifuani.

"Mama! Nani ameifungua hii kompyuta?"

"Hakuna aliyeifungua."

"Mama, mficha uchi hazai. Kuna mtu ameifungua."

"Aifungue nani? Nilipeleka ikapuliziwe vumbi tu."

Nikakaa chini. Alikuwa ameipeleka kwa fundi wa kibandani karibu na stendi, siku ileile ya mapazia na vitambaa. Nyumba nzima inasafishwa kumpokea mgeni, na mlango wenyewe wa kuingilia mgeni uachwe na vumbi? Kwake halikuwa jambo hata la kutaja, kama ambavyo asingenitajia kwamba amefagia uwanja. Mbona hakuniambia? "Hukuniuliza," akasema, na alikuwa sahihi. Wiki nzima niliihoji mashine, mtu wa ndani ya nyumba sikumhoji.

Tulimkuta fundi anaanua vitu vyake. Nikamweleza hata pumzi sijavuta: nyaya mbili, nyeusi na nyeupe, zinatoka kwenye kioo, angalia kama zimekaa. Alinitazama kwa wasiwasi, akatoa skrubu za chini, akafungua. Zilikuwepo. Zimelala pembeni mwa kifaa, vichwa vyake vidogo vya dhahabu vimetazama juu, hazijashika popote.

"Dah! Samahani mama," fundi akamwambia mama, mkono kifuani. "Nilizichomoa nipulize huku chini, nikapigiwa simu, aisee nikapitiwa."

Mama alimkazia macho kwa namna iliyomfanya yule kijana wa watu avue kofia. Akaweka waya wa kwanza, akaubonyeza kwa kucha, tukasikia tiki. Akaweka wa pili. Tiki. Nilipiga kelele hata kabla hajarudisha kifuniko, na wauza mitumba wa jirani wakageuka kuangalia nani kaibiwa.

Sikuweza kusubiri nyumbani. Nikaiacha simu yangu pale mezani kwa fundi, nikaifungua kompyuta, video inacheza, nikainyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili kama sinia la pilau na kuanza kurudi kinyumenyume kwenye njia ya watu. Nikapita kwa mkaanga mihogo, ipo. Nikapita kwa wapiga pasi, ipo. "Mama, bado ipo!" nikapaza sauti. Mama, aliyebaki kibandani akiilinda simu, akajibu kwa sauti ya kuita wanafunzi kutoka mbali, "Endelea!" Bodaboda wakanishangilia bila kujua nini. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa na sikujali nani ananiona.

Asubuhi ya Jumamosi kitenge kilikuwa kimeshatoka kabatini. Mama aliketi mezani mapema mno, mgongo umenyooka, simu iko dirishani kama kawaida yake, na alama ya waifai imejaa. Waosha magari tulikuwa tumewaomba, wakapunguza spika. Mie nikasimama kwenye pembe, nje ya macho ya kamera, tayari kurukia kompyuta ikileta ujinga.

Saa nne ilipogonga kioo kikabadilika, akatokea mwanafunzi. Alikuwa mzee. Mzee hasa, nywele nyeupe pee, sweta zito hadi shingoni, rafu ya vitabu nyuma yake. Mama alikuwa amejiandaa kwa kijana wa chuo. Mtu wa malezi yake haoni mvi zile akanyamaza, na kabla hajakumbuka yuko wapi mdomo ukamtoka:

"Shikamoo!"

Sekunde hiyohiyo yule mzee naye, kwa lafudhi ya kitabuni, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mwalimu."

Sauti zikagongana. Halafu kimya.

Mama alikuwa ametulia tuli, midomo imefunguka kidogo. Mzee kwenye kioo ametulia tuli, kichwa kimeinama. Hakuna kinachosogea. Imekata, nikasema, imekata sasa hivi, baada ya yote haya! Nikanyoosha mkono kuifikia kompyuta, na mama, bila kunitazama, akanichapa kofi la vidoleni. Hapo mzee akapepesa macho. Mtandao ulikuwa mzima. Walikuwa wanasubiriana. Kila mmoja ameshaamkia na anangoja marahaba yake.

Mama akaanza kucheka. Kilianza kicheko cha tumboni, kikapanda, mpaka mzee naye akacheka kule aliko. Kisha akanyoosha kitenge chake, na sauti iliyotoka sikuwa nimeisikia tangu ahamie kwangu.

"Mzee wangu, huko nje ningekuamkia mimi. Humu ndani mwalimu ni mimi. Marahaba. Kaa chini tuanze."

Nadhani katika yote hayo alichokielewa mwanafunzi sawasawa ni hilo la kukaa chini. Na yule mzee, aliyekuwa ameketi tangu mwanzo, akainuka, kioo kikajaa sweta tupu, kisha akakaa tena taratibu na kushika kalamu.

Mama hakucheka. Alimsubiri mpaka akae vizuri, kama alivyowasubiri wengine wote, ndipo akaanza kufundisha.