Sauti ya Nne

Usiku ule wa kuamkia tamasha letu la Krismasi nililala nikilitazama joho langu ukutani, limepigwa pasi, nami nikiliogopa. Mwalimu wa kwaya alikuwa ametuchagulia nyimbo za kale za Kilatini, za kuimbwa bila kinanda, kisha zile za Noeli tunazozijua tangu utoto. Bila kinanda, kila sauti husikika. Na sauti ya nne, ile nzito ya chini, nilibaki nayo peke yangu tangu Mzee Yoeli alipofariki.

Basi niseme kweli: mimi siimbi. Niliingia kwaya kumfuata Neema, ambaye sasa ni mke wangu, na miaka yote nilisimama ubavuni mwa Mzee Yoeli nikifungua na kufumba mdomo, huku yeye akinguruma kwa niaba yetu wawili. Tangu afariki, mazoezini nimekuwa nikisingizia mafua. Wasemao debe tupu haliachi kuvuma hawajaniona mimi johoni. Hata Neema sikuwahi kumwambia.

Nikaota niko kanisani, watu wamejaa hadi mlangoni, na Mzee Yoeli yuko mahali pake karibu na ukuta. Amevaa suti tuliyomzika nayo. Namwamkia, "Shikamoo, mzee." Haitikii; anatazama mbele. Tunaanza wimbo, na kuta zinaondoka taratibu, na sasa tuko makaburini, siku ya mazishi yake, udongo mwekundu umeganda kwenye viatu vyetu. Siku ile pia sikutoa sauti. Watu walisema sauti ya nne imekufa na mzee, wakalia, nami nikawaacha waamini hivyo.

Sauti ya kwanza inanyamaza. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Waombolezaji wote wananigeukia, na mimi naendelea kufungua na kufumba mdomo kwa sababu sijui kingine cha kufanya. Aibu inanipanda kutoka miguuni. Natamani kaburi lile liwe langu.

Mzee anakuja, anasogeza sikio karibu na mdomo wangu, kama mtu anayesikiliza redio iliyoishiwa betri. Anasubiri. Hakuna kitu.

"Nilijua, mwanangu," anasema. "Nikawa nakuimbia. Nilikosea."

Anaanza kushuka kaburini polepole, kama ashukaye ngazi za nyumbani kwake, kisha anageuka.

"Imba vibaya. Lakini uimbe."

Niliamka mdomo wazi, koo limekauka, machozi yameingia masikioni. Jogoo wa jirani walikuwa wameshaanza. Nikaketi kitandani, nikaianza sauti ya nne ya wimbo wetu wa kwanza, si kwa kunong'ona. Ilitoka kama mlango wenye bawaba za kutu. Nikapotea katikati, nikatafuta njia, nikaendelea hadi mwisho.

Nilipomaliza, nikahisi Neema ameketi nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

"Miaka yote nasimama mbele yako kanisani," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia."

Kumbe alijua. Nikainamisha kichwa, nikamwambia anisamehe. Akasafisha koo.

"Umeharibu pale katikati," akasema. "Anza tena. Nitaingia na sauti ya pili."