Pengo Mbele ya Mlango wa Jikoni

Kaka yangu mkubwa alileta matofali kabla hata hatujakubaliana. Aliyapanga karibu na lango, akapangusa mikono, akasema mvua ikianza na lile pengo bado lipo, wigo wa Mama unang'olewa na ukuta unajengwa. Yeye ana gereji mtaa wa Kamenge, na ndivyo alivyozoea: kitu kikichakaa, kinafunguliwa na kutupwa. Mama alikuwa sebuleni, akisikia kila neno. Mimi ndiye niliyejibu kwamba wigo hauguswi.

Wigo wenyewe ni wa bwi, kile kimti cha bustani za Wazungu chenye majani madogo mazito, kinachokua polepole mpaka unachoka kukingoja. Mama alipewa vipandikizi na bibi mmoja, mteja wake alipokuwa akishona nguo, zamani, kabla sijazaliwa. Akavichomeka kimoja kimoja toka langoni hadi jikoni, kati ya uwanja wetu na wa jirani. Ukisimama unakufika kiunoni. Juu yake Mama na jirani yetu, mjane wa umri wake, walipeana chumvi, salamu na habari za mtaa wetu wa Mutanga Nord mzima. Sasa mbele ya mlango wa jikoni, upana wa hatua nne hivi, majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu. Kulia na kushoto wigo ulikuwa mzima, pale katikati ukawa unakufa.

Nikafunga kibwebwe. Mimi ni mwalimu, na nina ubishi ambao umeshafukuza wachumba wawili. Sikuona kwa nini usinifae kwenye mti. Nilinoa mkasi, nikawa napogoa jioni tu, maana jani la bwi likikatwa juani linaungua ncha. Nikatoa matawi makavu ya ndani ili hewa ipite. Halafu ikaja Idi ya kuchinja. Nikakusanya samadi yote ya mbuzi wetu, pamoja na ile iliyotoka tumboni mwake, nikaifukia pale ikiwa mbichi kabisa, nikijiambia kwamba chakula kilichotoka kwenye sadaka lazima kina baraka. Baada ya wiki mbili hata majani machache yaliyokuwa kijani yalikuwa yameungua. Mtu yeyote anayelima angeniambia kwamba samadi mbichi ina moto, inaachwa ioze kwanza. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikumwuliza mtu.

Niliifukua kwa mikono, kwa kuwa mizizi ya bwi inakaa juu juu na jembe lingeikata. Nikatandaza majani makavu kuzuia jua. Kisha nikaanza kumshuku jirani kwamba anatumwagia maji ya sabuni. Nilimchungulia siku tatu nzima, nikaishia kuona aibu, maana nguo zake anafulia upande mwingine kabisa wa nyumba.

Kaka akapita siku ya Jumapili.

"Hii muti imekufa," akasema. "Unajisumbulia nini?"

"Haijakufa. Kwaruza gome uone."

Akakwaruza kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kijani, kidogo sana, lakini kijani.

"Apana. Mvua iko karibu, na mafundi nimeshawaambia."

Alipoondoka nilirudi chini kupanga upya yale majani makavu, maana kuku walikuwa wameyatawanya. Vidole vikagusa jiwe. Lilikuwa bapa, laini, limezama udongoni. Nikalipangusa vumbi, na papo hapo nikalitambua. Ndilo jiwe ambalo Mama alikanyaga akitawadha tangu nikiwa mtoto, birika mkononi, mara tano kwa siku, masika na kiangazi, na maji yote yakiteremkia kwenye mizizi ya bwi.

Na aliyemwondoa pale ni mimi. Kabla ya Ramadhani aliteleza kidogo, hakuumia, lakini mimi nikaita fundi, nikamjengea bomba ndani, lenye vigae vyeupe na kiti cha plastiki. Nilijisifu wiki nzima. Tangu hapo alikuwa hatoki tena uwanjani, nami nikadhani ni uzee. Nilikaa palepale vumbini nikalia, na ilikuwa hasira kuliko huzuni, hasira juu yangu mwenyewe.

Nikamkuta anachambua maharage.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulinifanyia vizuri, mutoto wangu. Mi sikutaka kukuvunja roho." Akatupa kijiwe pembeni. "Lakini kule ndani natawadha naangalia ukuta. Huku nje nilikuwa naona watu."

Na kaka yangu alikuwa anataka kumwongezea ukuta mwingine.

Sikuomba ruhusa. Nilichukua matofali kutoka kwenye rundo la langoni, na saruji iliyobaki kwenye kazi ya vigae, nikajenga kiti kifupi na kipana mbele ya lile jiwe. Kimeinama upande mmoja, fundi wa kweli angenicheka. Kilipokauka, nilimshika Mama mkono hadi pale na kumpa birika. Hakuwa amemaliza hata mkono wa kwanza, sauti ya jirani ikatoka ng'ambo ya wigo: "Eh! Kumbe uko? Sisi tulisema umehama!" Walicheka na kuulizana mambo mengi mpaka sala ya alasiri ikawa karibu iwapite.

Kaka alikuja wakati mawingu yameanza kukaa juu ya milima. Alisimama langoni akitazama rundo.

"Matofali yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Mama alikuwa amekaa juu yake, akijimiminia maji mguu wa kushoto. Pengo lilikuwa bado ni pengo. Chipukizi zilikuwa chache, ndogo kama punje za mchele, nami nilikuwa tayari kugombania kila moja. Sikupewa nafasi. Mama alisogea kwenye kiti, akampigapigia mahali pa kukaa.

"Karibu, alasiri imefika. Lakini hiyo mafuta ya gereji nenda uitoe kwanza ndani, kwa ile bomba nzuri ya dada yako. Hii muti haipendi sabuni."

Akaenda. Aliporudi, mikono safi, miguu mitupu, alikaa kando yake juu ya matofali yake mwenyewe, akapokea birika, akamimina taratibu pale alipoonyeshwa, kwenye mizizi.