Sura za Nchi ya Usingizi Nilizosoma Wadini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni nyeupe iliyotiwa wanga ikakauka kama ubao, nikapelekwa wadi ya watoto. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya uhuru, katika hospitali moja upande wa Msambweni, nami nilikuwa muuguzi msaidizi niliyetoka mafunzoni karibuni. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, alikuwa mama wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili Unguja na kukisema kwa usafi kuliko baadhi yetu. Alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso.

"Riziki," akaniambia, "mtoto mgonjwa hulia. Hilo lisikutishe. Asiyelia ndiye uniite."

Ninyi vijana mlioanza kazi juzi hamkuona sindano za kuchemsha. Sisi tulizichemsha kila asubuhi pamoja na mikasi na vibanio, tukavipanga kwenye trei chini ya kitambaa safi. Kisha tulijaza chati ya joto, karatasi iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda, ambayo daktari aliisoma kabla hajamtazama mgonjwa. Kazi niliyoiogopa ilifuata baada ya hapo: kufunga vidonda vya moto. Shashi ya jana, kile kitambaa chepesi cha kufungia, huwa imeshikana na kidonda, na lazima uilowanishe kwa maji ya chumvi, kidogo kidogo, hadi iachie yenyewe. Ukiwa na haraka, mtoto hatakusamehe.

Mejumaa aliletwa kutoka Bodo akiwa msichana wa miaka minane hivi. Jiko lao la makuti lilikuwa limeshika moto. Mama yake alifariki siku ileile, naye akaungua mkono kutoka begani hadi kiganjani. Nilipomfungua kidonda mara ya kwanza hakulia. Hakusema neno. Wiki ya tatu alikuwa bado hajasema, na uji ulikuwa ukirudi jikoni kama ulivyokuja. Nikamwita Matroni, naye akamwita daktari.

Daktari alimchunguza kwa muda mrefu. "Koo lake ni zima," akasema. "Kinachomfunga sikijui, na dawa yake sina."

Watoto wa wadi walikuwa na desturi ya kusimuliana ndoto wakati wa uji. Niligundua kwamba Mejumaa, aliyekuwa akilala ameelekea ukuta saa zote, wakati huo aligeuza kichwa kusikiliza. Basi nikaanza kuwauliza ndoto zao na kuziandika kwenye daftari nikimaliza zamu. Nikaziunga zikawa hadithi ndefu ya msichana anayeitwa Tatu, aliyeingia Nchi ya Usingizi, ambako vitu vyote vinavyopotea mchana huwekwa kwenye mitungi. Ng'ombe aliyevaa miwani, aliyeotwa na mtoto wa Kinango, nikamfanya bawabu. Nyumba yenye miguu, iliyoenda kisimani kujichotea maji, niliipata kwa mtoto wa Vanga.

Nilisoma huku nikilowanisha shashi. Siku ya nne mkono wa Mejumaa, uliokuwa mgumu kama mti kila nikiushika, ulilegea. Siku ya sita alikunywa nusu kikombe cha uji.

Ndipo Matroni alipoingia na kunikuta nikisoma. Akanyoosha mkono, nikampa daftari.

"Muuguzi, hapa tunatibu vidonda. Ngano ni za nyumbani."

Siku tatu nilifanya kazi bila hadithi, na uji ukaanza kurudi jikoni tena. Nilikuwa na hofu mbili: ya kufukuzwa, na ya kumpoteza mtoto yule, kwani alikuwa amebaki mifupa. Siku ya nne niliitwa ofisini. Daftari lilikuwa mezani.

"Tatu hajui kuogelea," Matroni akasema. "Sasa anauvukaje mto?"

"Sijafika hapo, Matroni."

"Basi fika. Watoto wananiuliza mimi, nami sina jibu."

Nikaandika sura ambayo Tatu anagundua kuwa amepoteza sauti yake, akawa anafunua mtungi mmoja baada ya mwingine akiitafuta. Nilikuwa nikiwasomea wadini, nimefika mtungi wa tano, niliposikia sauti ya kukwaruza juu ya kichwa changu.

"Hakuipoteza," Mejumaa akasema. "Ameificha."

Niliendelea kulowanisha shashi. "Ameificha kwa nini, mwanangu?"

"Akisema, ataulizwa ni nani aliyetia makuti makavu motoni."

Nilipeleka habari kwa baba yake, mkata boriti za mikoko, naye akaja siku ya wageni. Mejumaa aliomba nikae naye. Akamwambia baba yake maneno yaleyale, macho yakiwa kwenye shuka. Mzee yule akamshika mkono usioungua.

"Mamako tulipokuwa tukimleta huku aliuliza jambo moja tu. Aliuliza, Mejumaa ametoka? Nikamwambia ametoka. Akasema alhamdulillahi. Hakuuliza moto ulianzaje, na mimi sikuulizi."

Hapo ndipo mtoto alipolia. Alilia kwa sauti iliyojaza wadi nzima. Matroni alikuja hadi mlangoni, akatazama, akaufunga mlango taratibu.

Baada ya uhuru Matroni alirudi kwao, na kiti chake akakikalia Sista Msimamizi kutoka Taita, Mwafrika wa kwanza kukikalia pale kwetu. Yeye ndiye aliyenipeleka zahanati ya Vanga, ambako wakati wa mvua barabara ilikatika na dawa zikaja kwa mashua. Kisha nikapelekwa Kinango, halafu nikarudi wadi yangu ya kwanza nikiwa sista wa wadi, yaani muuguzi msimamizi wake. Kote huko niliongeza sura, kwa kuwa watoto hawakuacha kuota. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alipokubali kuitoa hadithi ya Tatu iwe riwaya, mhariri wake aliniandikia nimwondoe ng'ombe wa miwani, eti hafundishi lolote. Nikamjibu kwamba mwenye ndoto hakuniruhusu.

Sijawahi kudai kwamba hadithi iliuponya mkono wa Mejumaa. Uliponywa na penisilini, shashi na uvumilivu. Lakini uji ule aliunywa akisikiliza, nami nilikuwapo.

Nilipostaafu Mejumaa alikuja kuniaga, sasa akiwa mama wa watoto watatu. "Shikamoo, Sista," akasema, nami nikaitikia marahaba nikimshika bega. Aliniambia huwasomea wanawe kitabu kile, isipokuwa sura ambayo Tatu anakutana na mama yake katika Nchi ya Usingizi na kulazimika kurudi peke yake. Akiifikia hiyo hufunga kitabu na kuwasimulia kwa mdomo.

"Unawaambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba mama yake alimsindikiza hadi mlangoni, wakaagana vizuri."

Hilo sikuliandika mimi. Kitabu kikichapwa tena, nitaomba liingizwe.