Magadani na Dalmanutha

"Mathayo anasema Magadani, Marko anasema Dalmanutha. Nani mwongo?" Kefa wa Mtinko alimfokea shemeji yake, mwinjilisti Hezekia, katikati ya ibada ya nyumbani.

"Pengine ni pwani ileile, shemeji. Kila mmoja aliita alivyozoea."

Kefa, mbishi tangu utotoni, akaisoma tena mistari yote miwili. Mkewe, dada wa Hezekia, alikuwa amefariki kwa uchungu wa uzazi huku dereva wa gari la wagonjwa akitafuta vitongoji viwili. Kefa alimtajia dereva jina jipya la kitongoji chao, Hezekia jina la zamani la Kinyaturu. Msibani Kefa akamwita Hezekia mwongo, wazee wakamwamini Kefa na kumtoza Hezekia faini ya mbuzi.

Watu wengine mpaka Biblia iwapige kofi ndipo wasikie.

"Yule mbuzi wa faini," Kefa alisema akilia, "usimlete. Wote tulitaja hapahapa."