Antena Iliyobaki Dukani

Mimi ndiye niliyekata bei ya ile redio, na afadhali jambo hili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwenye foleni ya maji. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, mtu asiye na kosa, aliyekaa kitandani kwake akisubiri kuambiwa ni saa ngapi.

Shoga yangu tunamwita Nyoosha. Tunafanya kazi pamoja chumba cha kufulia cha hospitali, kule chini, mimi nakunja na yeye anapiga pasi. Shuka ikipita mikononi mwake hata mgonjwa anaona aibu kuilalia. Simu tunaziacha getini kwa mlinzi, tangu mtu mmoja aunguze shuka akiwa kwenye umbea. Mtu huyo simtaji, ila ni mimi.

Mume wake alikuwa fundi saa. Miaka na miaka amekaa kwenye kibanda chake na lenzi jichoni, watu wakimletea saa zilizokufa na yeye akizirudisha. Halafu sukari ikampanda. Ikala macho yote mawili, ikaja mguuni, mwisho ikaingia vidoleni, vikafa ganzi. Aliwahi kutoa kioo cha saa ya mezani ili apapase mishale, akaikunja yote bila kujua kwamba ameigusa. Siku hiyo Nyoosha alikuja kazini macho mekundu, akasema ni mvuke wa pasi.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo lenyewe liko hapa. Kila asubuhi kabla ya kutoka, Nyoosha humdunga mumewe sindano ya sukari na kumpa uji. Akishadungwa, lazima ale tena saa nne, na tena saa saba. Asipokula sukari inashuka, na ikishuka sana mtu anaondoka hivi hivi, unamwona. Kula mapema nako hakufai, maana chakula chenyewe ni cha kupimwa. Majirani wote asubuhi wanatoka kwenda kutafuta riziki. Kwa hiyo aliyekuwa akimlisha yule baba mchana ni redio. Ikitangaza saa nne anafunua bakuli la kwanza, ikitangaza saa saba anafunua la pili. Miaka mitatu hajakosea hata siku moja. Niliwahi kumshauri atumie saa ya kengele, akanijibu, "Shemeji, kengele ikilia nimesinzia, imepita hiyo, hairudi kuniuliza kama nimekula. Redio inaongea mchana kutwa." Ukibishana na fundi saa kuhusu saa unajitafutia aibu.

Basi wakatangaza kwamba mitambo ya zamani inazimwa. Mwenye redio ya dijitali ataendelea kusikiliza, mwenye ya zamani shauri yake. Tulidhani ni maneno tu, kama yale ya kila mwaka. Jumatatu ikafika, redio ya Fundi Saa ikawa inakoroma tu, stesheni hakuna.

Wiki ile ilikuwa balaa. Ikikaribia saa nne, na tena saa saba, Nyoosha anatoroka kupitia mlango wa makapu, ule wa nyuma wa kuingizia nguo chafu, anakimbia kwake, anarudi jasho linamtoka na pasi imepoa. Siku ya pili akakamatwa, akapewa barua ya onyo. Siku ya nne akapewa nyingine, na msimamizi akamwambia taratibu, bila ukali wowote, "Mama, ya tatu ni ya kukuaga." Mshahara ule ndio unaonunua sindano. "Nikiacha kazi anakufa kwa kukosa dawa," Nyoosha akaniambia, "nikibaki kazini anakufa kwa kukosa kula. Wewe ungechagua kipi?" Tulikuwa tunakunja shuka, kila mmoja ameshika ncha zake. Nikavuta zangu, tukaendelea kukunja.

Jumapili tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa mtu mzima mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Akatuonyesha redio ndogo ya dijitali, ya bei ya chini kabisa, kwa ukubwa haizidi mche wa sabuni.

"Hii inawatosha," akasema. "Ndani ya boksi kuna na antena ya nje, mnaipitisha dirishani. Dirisha lenu ni la namna gani?"

"La kufungua na kufunga," nikamjibu mimi. "Kwani kwenu mna la namna gani?"

Wateja wakacheka. Na mimi ukinichekea umenichochea.

"Nauliza kwa wema, mama," akasema yule bwana. "Redio za zamani mawimbi yakipungua zinakwaruza, lakini zinasema. Hizi zikiyakosa zinanyamaza kabisa."

Nyoosha alikuwa anamsikiliza. Alitaka kuuliza kitu, nilimwona kabisa akifungua mdomo. Lakini pesa aliyoishika haikutosha, watu wanatutazama, mimi nikaona aibu kwa niaba yake, na aibu yangu siku zote hutokea mdomoni. Nikamwambia muuzaji apunguze. Akasema haipungui. Nikamwambia tangu nizaliwe redio zangu zimeishi kwa kipande cha waya, hiyo antena yake akaanikie nguo. Tukavutana mpaka akachoka. Akafungua boksi, akatoa waya mrefu mweusi, akauweka chini ya meza.

"Bila hii, chukueni kwa hiyo mliyo nayo."

Nikatoka pale kifua mbele, utadhani nimeshinda kesi.

Jioni ile tuliiweka dirishani, na kweli ilisema. Sauti ilikuwa safi mno. Fundi Saa akainamisha kichwa, akasikiliza habari mpaka mwisho. "Huyu mtangazaji ana meno ya kuwekewa," akasema. "Miaka yote hii alikuwa ananificha." Nyoosha alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio, tukamwacha alie. Alipomaliza akamshika mumewe mkono, akamsihi asiguse kitufe chochote asije akaipoteza stesheni. Mzee akakubali kama mtoto mtiifu.

Dirisha lao ni la chuma, vibawa viwili, kioo hakuna. Jioni ile lilikuwa wazi. Jumatatu asubuhi Nyoosha akamdunga sindano, akamnywesha uji, akapanga mabakuli, akaiacha redio inaongea pale pale dirishani. Akatoka, akafunga mlango, akazunguka nje, akasukuma vibawa na kupiga komeo la nje kwa ajili ya vumbi na watoto watundu, kama alivyofanya miaka yote. Ile redio ya zamani ukifunga ilikuwa inakwaruza kidogo tu. Hii ikakata hapo hapo. Yeye alishageuka anakimbilia kazini, roho yake nyeupe kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

Siku hiyo aliimba. Saa nne akatazama saa ya ukutani, akasema, "Anafunua bakuli." Mlango wa makapu hakuuangalia hata mara moja. Saa saba akasema, "La pili hilo." Nikamwambia, unaona sasa, na ungemsikiliza yule mwenye miwani. Akanishukuru. Hilo nataka ulijue: alinishukuru, akasema Mungu atanilipa.

Kazi ilipoisha nikamsindikiza hadi kwake, nipewe na shemeji sehemu yangu ya sifa. Mlango ukafunguka, ndani giza na kimya. Nyoosha akaita, hakuitikiwa. Nikawasha taa. Fundi Saa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, shati limelowa jasho mpaka mgongoni, midomo inamtetemeka. Mabakuli yote mawili yalikuwa yamefunikwa.

"Nani huyo?" akauliza, ulimi mzito.

"Ni mimi."

"Umesahau nini tena, mke wangu? Rudi upesi, utachelewa kazini."

Nyoosha akachota sukari kwa kiganja, akaikoroga kwenye kikombe cha maji, akamshika kidevu na kumnywesha, nusu ikiingia na nusu ikimwagikia kifuani. Mimi nilishaelewa. Nikatoka mbio kuzunguka nje, nikavuta komeo. Vibawa vilipofunguka tu, redio ikasema, safi vile vile, kwamba ni saa kumi na moja kasorobo.

Kule ndani mzee akainua kichwa. Akatulia akipima mambo, kama alivyokuwa akitulia mbele ya saa ya mteja.

"Kifaa hiki kinakimbia," akasema. "Hata saa nne haijasema bado. Imenyamaza, nami mlisema nisiguse, niko hapa naisubiri, sijalala, sijaondoka. Kirudisheni dukani."

Nilisema nakwenda sasa hivi kuchukua ile antena, kwa bei yoyote atakayotaja, sifungui mdomo. Nyoosha akanitazama. Hakuwa na hasira nami, na hilo likaniuma kuliko tusi.

"Usijisumbue, shoga," akasema. "Kesho mwambie msimamizi siji. Na keshokutwa. Simwachii tena mtu wangu kitu kingine kimtunze."

Nikamuuliza sindano watazinunua na nini. Alikuwa anamfuta mumewe shingo kwa upindo wa khanga yake, polepole, hajageuka.

"Zimebaki za siku tisa," akasema.